Mwanafunzi Niliyemnyima Anga

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari ni moja na nimeshindwa kuikalia: nimefaulu. Tangu Jumatatu mimi si rubani tu, ni mwalimu wa marubani.

Mtihani wenyewe ulikuwa kituko. Mtahini, mzee mmoja mwenye uso wa ndimu, alikaa kiti cha mwanafunzi akajifanya hajui kitu. Tulipokuja kutua akauvuta usukani kama anavuta mbuzi asiyetaka kwenda machinjioni. Pua ya ndege ikainuka, mwendo ukaisha, ardhi ikaanza kutukimbilia. Mimi mikono magotini. Kumbe ndicho alichokuwa anapima! Kazi ya mwalimu si kurusha ndege, ni kumwacha mwenzako aikosee mpaka pale ambapo ukimwacha zaidi mtakufa wote wawili. Hapo unasema "Nimeshika," naye anaachia. Ukisema mapema hajifunzi. Ukichelewa hakuna wa kujifunza.

Nilisema kwa wakati. Alipotelemka alinipa mkono, na ule uso wa ndimu ukalegea kidogo.

Nimekuandikia wewe wa kwanza kwa sababu wewe ndiye mwalimu wa ukoo huu. Msalimie wifi, mwambie ile misuko yake ya kuvuta mpaka machozi imenisaidia: kichwa kimezoea maumivu.

Mdogo wako,
Kitinda

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera, ingawa nusu.

Baba na mama walipotuacha, nilikulea na kukusomesha ili uende mbali na chaki, sasa naona umezunguka angani kote ukarudi ubaoni. Mimi nimekula vumbi la chaki mpaka nikikohoa natoa hesabu za darasa la sita. Sikiliza nikuambie kitu ambacho hawakukufundisha huko. Mwalimu ni ngazi. Wenzake wanamkanyaga wanapanda, wanafika, yeye anabaki ameegemea ukuta. Niliowafundisha kuandika majina yao leo wananipita ndani ya magari, wakikumbuka wanapunga mkono.

Lakini hakuna baya lisilo na upande. Mwanangu anamaliza shule mwaka huu. Unajua nilimwita Rubani kabla hajaota meno, na hakuna mtu mtaa huu anayemjua kwa jina jingine. Namleta hapo chuoni kwenu. Umfundishe wewe, si mtu mwingine. Wewe umeishia kwenye ngazi, basi angalau apande wa damu yako.

Wifi yako anakusalimu. Anasema bado una nywele ngumu.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kijana alifika salama na sanduku kubwa kuliko yeye. Nimeanza kumfundisha wiki hii.

Sikusifii mtoto kwa kuwa ni wetu. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Wengine wanaushika usukani kama bomba la kushikilia ndani ya basi, yeye anaushika kama kikombe cha chai ya moto, kwa vidole. Nina mwanafunzi muuguzi anayetapika kila tukipinda kushoto, na mfanyabiashara mmoja anayebishana na mnara wa kuongozea ndege kana kwamba ni bei ya vitunguu. Rubani anasikia jambo mara moja. Jana alinigeukia tukiwa juu ya mawingu, akasema, "Shangazi, kumbe huku ndiko jua linakokaa siku za mvua." Nilijifanya naangalia vipimo.

Wewe ichukie chaki, Kaka. Mimi imenikolea.

Kitinda

2 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Hii nakuandikia kwa anwani ya duka lako la ushonaji, isipitie nyumbani. Isome ukiwa peke yako na cherehani.

Mwanao ana nini?

Mara ya kwanza nilidhani ni mawazo. Nilimwita, hakuitika, kisha akasema, "Samahani, nilikuwa nafikiri." Mara ya pili nilimgombeza. Jana tulikuwa tunakuja kutua, uwanja uko mbele yetu wazi kabisa. Nikamwambia, "Punguza injini." Kimya. Nikamtazama. Macho wazi, anaangalia mbele kama mtu anayesoma kibao cha mbali, mdomo unatafuna hewa. Nikasema, "Nimeshika." Hakuachia, Wifi. Mikono ilikuwa imekaza kama mizizi. Ilibidi nimpige kiwiko cha mkono ndipo nikaupata usukani, tukagonga ardhi mpaka meno yakalia.

Tulipokwisha simama akapepesa macho akaniuliza, "Shangazi, mbona umetua wewe?"

"Hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

Nilimkalisha nyuma ya karakana. Mwanzo alikataa, kisha akalia. Akasema, "Mama anajua. Tangu zamani. Lakini baba usimwambie, Shangazi, nakuomba. Baba usimwambie."

Ni kweli? Unajua? Na kwa daktari wa marubani alipitaje?

Kitinda

15 Agosti

Wifi,

Ni kweli. Ndiyo, najua.

Alianguka pale bombani akiwa na miaka kumi na miwili, ndoo ikamwagika, povu mdomoni. Baba yake alipotoka kazini nikamwambia mtoto ameteleza. Nilimpeleka hospitali ya mbali, wakatupa vidonge. Kuanguka kukaisha. Kukabaki huko kuduwaa, kama mtu anatoka nje kidogo halafu anarudi. Mwaka juzi nako kukaisha, tukaacha vidonge, nikamshukuru Mungu. Daktari wa marubani alimuuliza kama amewahi kuzimia, akasema hapana. Nani angesema ndiyo?

Wifi, wewe unamjua kaka yako. Hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja, ila ana kule kunyamaza kwake. Nilipomuunguzia shati la harusi ya rafiki yake alininyamazia mpaka nikawa naongea na sufuria. Kwa hili ataninyamazia hadi kaburini. Na mtoto je? Alipewa jina la kazi kabla ya meno. Ukimwondolea hilo, baba yake atamwitaje?

Nakuomba kitu kimoja. Mcheleweshe. Sema hajui kutua, sema hajakomaa, sema lolote. Atachoka mwenyewe atarudi. Mtoto kushindwa masomo baba yake atasamehe, maana ni mwalimu, ameona wengi. Ugonjwa wa kufichwa hatausamehe.

Sikukumbushi wema, lakini nilipoolewa nilikukuta humu ndani ukiwa mdogo hivi, na kichwa chako nimekisuka mimi mpaka ulipoondoka. Nibebee huu mzigo.

Wifi yako

4 Septemba

Mdogo wangu,

Muuguzi wako anayetapika ameruka peke yake. Mfanyabiashara naye ameruka peke yake. Mwanangu ameniandikia mwenyewe. Naye yuko wapi? Bado amekaa na shangazi yake kama mtoto wa chekechea.

Uliniandikia ana mkono mwepesi kuliko wako. Umekuwa mzito lini?

Kaka yako

12 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mkono ni mwepesi kweli. Lakini kuruka peke yako si mkono tu. Kuna siku hayupo pale alipo. Hajawa tayari, na mimi ndiye ninayetakiwa kufungua mlango, nitelemke, nimwache na ndege. Siwezi kutelemka. Tafadhali amini neno langu bila kuniuliza zaidi.

Kitinda

1 Oktoba

Kwa mdogo wangu,

"Hayupo pale alipo." Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti katika chumba cha walimu, hakuna aliyeielewa.

Nimefundisha maisha yangu yote. Mwalimu anayemshika mtoto darasani wakati wenzake wanavuka, siku zote ana sababu yake, na si ya mtoto. Nitakuambia ya kwako. Makampuni ya ndege hayakukuchukua. Umebaki hapo kiti cha pembeni, unatazama wanafunzi wako wanakwenda wanavaa sare zenye mistari begani. Wageni unawaacha waende kwa kuwa huna budi. Huyu wa damu yako ndiye aliyekushinda kumeza.

Nimeongea na mkuu wa chuo. Mwanangu amepewa mwalimu mwingine. Jumamosi ijayo ataruka peke yake, na mimi nitakuwepo kumwona.

Kaka yako

13 Oktoba

Kaka,

Uliondoka bila kuniaga. Nilikuona umesimama kwenye uzio na lile shati lako jeupe la sikukuu ya wazazi shuleni, na miwani umeifuta tayari. Najua ulichokiona: mwanao amekaa kwenye ndege peke yake, mkanda umefungwa, panga boi linazunguka, mara dada yako anakimbia katikati ya uwanja anapunga mikono kama kichaa. Kisha injini inazimwa, na mtoto anatelemshwa mbele ya wenzake.

Nilingoja mpaka dakika ya mwisho kwa sababu alikuwa ameniahidi atakuambia mwenyewe. Asubuhi ile alinipita akaangalia viatu. Nikajua hakukuambia. Ndipo nilipokwenda kwa mkuu, na ruhusa ya kumzuia niliipata akiwa ameshawasha injini.

Kaka, mtoto ni mgonjwa. Akili inamtoka kwa muda, macho wazi, mikono imekaza, na akirudi hajui kama alikwenda. Imetokea nikiwa naye, zaidi ya mara moja. Akiwa chini ataangusha kikombe. Akiwa juu hakuna wa kumpiga kiwiko.

Nichukie, lakini mpeleke kwa daktari wa vichwa.

Kitinda

2 Novemba

Sikukusudia kukuandikia tena. Naandika ili usiseme hukujibiwa.

Nilimpeleka. Wakamwekea waya kichwani, wakatazama, wakasema hawaoni kitu. Nikamwita sebuleni, mimi na mama yake. Nikamuuliza, "Una ugonjwa wowote?" Akasema, "Sina, baba." Nikamgeukia mama yake. "Mama Rubani, umewahi kumwona mtoto anazimia, anaduwaa, chochote?" Akanitazama machoni akasema, "Sijawahi."

Watu wawili wanaoishi naye hawajaona. Mashine haijaona. Umeona wewe. Na kwa kuwa umeona wewe, chuo chako hakimtaki, na vyuo vingine vyote vimeandikiwa. Daktari mwenyewe ameniambia: mwalimu akishasema, haifutiki.

Nilikulisha kwa mkono huu. Umemzulia mwanangu ugonjwa kwa wivu wa kazi.

Anga umemnyima, lakini ardhi si yako peke yako. Nimemwombea kazi ya kuendesha gari la mizigo la shule. Amechukua leseni bila kumuuliza shangazi yeyote. Barua zako zikija hapa zitarudi zilivyo.

Hakuna saini kwa mtu asiye ndugu.

20 Novemba

Wifi,

Barua nilizomwandikia Kaka zimerudi hazijafunguliwa, basi hii pia inakuja cherehanini.

Ulimtazama machoni ukasema hujawahi. Sawa. Sikulaumu kwa ajili yangu, nimeshazoea kukaa pembeni. Lakini gari, Wifi! Kwenye gari kuna watu barabarani, kuna magurudumu, kuna miti. Mnyang'anye funguo. Mwambie mumeo leo. Usipomwambia, nitakuja mwenyewe nisimame mlangoni niseme yote, pamoja na ya bombani.

Kitinda

9 Desemba

Wifi yangu,

Usije. Nakuomba, usije kwanza.

Nilisema "sijawahi" kabla sijajua nimesema. Neno likishatoka linaota mizizi, ulirudishe vipi? Kila asubuhi natafuta pa kuanzia, kaka yako anaomba chai, nampa chai.

Lakini sijakaa bure. Vidonge nimemrudishia, anameza mbele yangu, ananitolea ulimi nione. Amechangamka, ameanza hata kucheka. Habebi watu, anabeba madawati na magunia ya chaki. Ijumaa ananibeba mimi na majora yangu ya vitambaa, na siku hiyo mimi ndiye mwalimu wa pembeni. Namsemesha njia nzima. Namuuliza habari za wasichana, habari za mpira ambao siuelewi. Akinyamaza namfinya mkono. Anasema, "Mama, utanitoa nyama!" Namjibu afadhali nyama.

Nipe mpaka shule zifunguliwe. Kaka yako akishaanza kazi moyo wake hutulia. Hapo nitamwambia, na nitamwambia pia kwamba wewe hukuwa mwongo. Haki hiyo nitaidai mimi mwenyewe kwa niaba yako.

Usikae bila kula. Unajua tabia yako.

Wifi yako

19 Januari

Mdogo wangu,

Sikukuita. Tumemzika mama Rubani bila wewe. Wakati ule sikutaka kuona uso wako, sasa sijui.

Ilikuwa Ijumaa mchana, jua kali, barabara kavu. Mwenye trekta aliyekuwa nyuma yao anasema gari halikuyumba wala halikupunguza mwendo. Barabara ilikata kona, gari likaenda moja kwa moja, likagonga nguzo za daraja. Anasema alimsikia mwanamke anaita, anaita jina moja tu. Vitambaa vilitapakaa mtoni mpaka kwa wafua nguo wa chini. Walivileta nyumbani vimekunjwa.

Mwanangu amevunjika bega. Ataishi. Daktari wa zamu alimwona akiwa kitandani anaduwaa, macho wazi, anatafuna hewa. Alikuwa hajanieleza bado mimi nikawa nimejua anachotaka kusema, maana ulishaniandikia kila neno.

Ulisema kweli. Nimeliandika hilo, usitegemee kulisikia mdomoni mwangu.

Lakini kuna jambo linanitafuna. Mkono wa mtoto, ule wa upande wa mama yake, una alama za kufinywa. Si za siku ile tu. Nyingine zimeanza kugeuka njano, nyingine zimekauka kabisa. Nimemuuliza ni za nini, anatazama ukuta. Nimemuuliza, "Mama yako alikuwa anajua?" Anatazama ukuta.

Nakuuliza wewe, kwa sababu wewe umeonyesha unaweza kusema hata kama hakuna anayetaka kusikia. Mke wangu alijua? Alinitazama machoni sebuleni akasema hajawahi kuona. Kama alijua, basi sijui nimelala kitanda kimoja na nani miaka yote hii. Siwezi kuingia chumba chetu. Nalala kwenye kiti cha sebuleni. Nikitazama cherehani yake natamani kuivunja, kisha nainama naipangusa vumbi.

Nijibu ukweli, hata kama ni mbaya.

Kaka yako

27 Januari

Kaka,

Shikamoo, na pole. Pole haina ukubwa wa kutosha, lakini sina neno jingine. Yule alikuwa mama yangu wa pili.

Umeniuliza swali moja, nakujibu. Wifi hakujua.

Hakuna aliyejua ila mtoto na mimi. Alinieleza Agosti, nyuma ya karakana, akaniapisha nisimwambie mama yake wala wewe. Nikakubali. Hili la kumchelewesha ili achoke arudi nyumbani lilikuwa wazo langu. Nilidhani naweza kuwaepusha na maumivu. Nilikaa na siri hiyo mpaka Oktoba, wakati ningeweza kupanda basi nikaja kukuambia uso kwa uso, wewe kwanza kabla ya mkuu wa chuo. Ungeniamini basi, kwa sababu ulikuwa bado hujanichukia.

Zile alama zisikutese. Wifi alikuwa anafinya, ndiyo tabia yake. Mimi alinifinya hivyo hivyo kila nilipoongea mbele ya wageni. Atakuwa alimfinya apunguze mwendo. Kuna mama gani anakaa karibu na mwanawe anayeendesha gari akatuliza mikono?

Sebuleni alikuambia alichokijua. Rudi ulale chumbani kwako, Kaka.

Mimi bado nafundisha, lakini wiki hii nimeomba nisipande. Nawafundisha darasani, ubaoni. Nikipata ruhusa yako nitakuja kuona kaburi.

Kitinda

8 Februari

Kwa mwalimu wa chuo cha urubani,

Barua nimeipata. Nakushukuru kwa jambo moja: umenirudishia mke wangu. Usiku wa jana nililala chumbani. Nimemwomba msamaha kaburini kwa niliyomdhania, mwanamke ambaye hakunificha kitu maisha yake yote.

Kumbe ni wewe. Ulijua tangu Agosti. Ungetamka neno moja kwa mama yake wewe mwenyewe, angekuamini, asingepanda gari lile. Mama gani, akijua mwanawe ana ugonjwa huo, angekaa naye garini? Ulimwacha apande.

Nilimsomea mwanangu barua yako yote, nimekaa kando ya kitanda. Nilipofika pale uliposema mama yake hakujua, alianza kulia, akalia mpaka muuguzi akaja. Nikamuuliza kama kuna jambo anataka kuniambia. Akauficha ule mkono wenye alama chini ya shuka. Kisha akasema nikuandikie kwamba yeye amekusamehe.

Ana moyo wa mama yake. Mimi sina. Kaburi usije kuliona.

Mwalimu